Mshipa Uliokutwa Mzima

Kitabu cha namba za malipo ambacho Chama cha Madaktari cha Marekani kimekuwa kikikitoa tangu 1966 kina mistari mitatu ambayo msomaji asiye daktari angeipita bila kuiona. Namba 35701 ni ya ateri za shingo, 35702 ni ya ateri za mkono, 35703 ni ya ateri za mguu. Zote tatu zinaeleza kazi ya aina moja: mpasuaji amefungua mwili, ameufikia mshipa, ameuchunguza, kisha amefunga jeraha bila kuutengeneza mshipa wenyewe. Mshipa ukishonwa, namba hizo hazitumiki tena, kwa kuwa kuufikia huhesabiwa kuwa njia tu ya kuendea kazi kubwa iliyofuata. Hii basi ni kazi inayotambulishwa kwa jambo ambalo halikufanyika. Nimeanza na daftari la malipo kwa sababu katika hili limeona mbali kuliko wengi wetu. Limekubali kwamba kufungua, kuona na kufunga bila kutengeneza ni kazi iliyokamilika, yenye thamani yake na mstari wake.

Imani iliyozoeleka ni kinyume cha hapo. Ndugu wa majeruhi wakiambiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji kwamba mshipa umekutwa mzima, furaha yao haidumu dakika mbili. Mara linakuja swali, sasa mlimpasulia nini? Mkaguzi wa madai ya bima huuliza lilelile kwa lugha ya ofisini. Kwenye kikao cha asubuhi cha madaktari, kesi ya namna hiyo husomwa kwa sauti ya chini, na daktari aliyeshika kisu huanza kujitetea kabla hajashtakiwa. Na madaktari vijana waliofundishwa karibu na mashine ya sitiskani huiona kama masalia ya zama za gizani, enzi ambazo mtu alifunguliwa kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kumtazama ndani. Kwa maneno ya mtaani, ni operesheni ya bure. Ninapinga imani hiyo kwa ukamilifu wake. Operesheni iliyokuta ateri nzima imeleta jibu ambalo mgonjwa alilihitaji, na hospitali inayopokea majeruhi wa visu, risasi na bodaboda mwaka mzima bila kuwa na hata moja ya aina hiyo katika daftari lake ni hospitali ya kutiliwa shaka, si ya kupongezwa.

Tuanze na gharama ya kutofungua. Mwaka 1946 Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walichapisha hesabu ya majeraha 2,471 ya ateri yaliyowapata askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuifunga ateri kwa uzi ili damu ikome, na karibu nusu ya waliofanyiwa hivyo walipoteza kiungo. Iliyojeruhiwa ikiwa ni ateri ya nyuma ya goti, zaidi ya watu 7 kati ya 10 walikatwa mguu. Ufundi wa kushona ateri ulikuwa unajulikana tayari. Alexis Carrel alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi hiyo. Tatizo lilikuwa saa. Majeruhi alibebwa, akapakiwa, akashushwa, akapakiwa tena, na alipofika mezani misuli yake ilikuwa imeshaanza kufa. Katika vita vya Korea safari ilifupishwa kwa helikopta, wapasuaji wakaanza kushona badala ya kufunga, na waliokatwa viungo wakapungua hadi takriban 13 katika kila 100. Katikati ya vita hivyo viwili, mwaka 1949, Miller na Welch walikuwa wamepima jambo hilo kwa mbwa. Kiungo kilichonyimwa damu kwa muda usiozidi saa 6 kilipona mara 9 kati ya 10. Kilichonyimwa kwa saa 12 hadi 18 kilipona mara moja kati ya mbili. Kilichopitisha saa 24 kilipona mara moja kati ya tano. Mjadala wote wa makala hii unakaa ndani ya hesabu hiyo, kwa kuwa kila kipimo tunachokisubiri, kila gari la wagonjwa tunaloliitia simu, kila saini tunayoitafuta, kinakatwa kutoka kwenye saa hizo 6 na si kutoka mahali pengine.

Shingoni hesabu ni kali zaidi. Mwaka 1956 Fogelman na Stewart wa Dallas walitoa taarifa ya majeruhi 100 waliochomwa au kupigwa risasi shingoni. Waliofunguliwa mara moja walikufa kwa kiwango cha asilimia 6; waliocheleweshwa au kuachwa walikufa kwa kiwango cha asilimia 35. Kutokana na taarifa hiyo ikazaliwa kanuni iliyotawala kwa zaidi ya miongo miwili: jeraha lolote lililopenya msuli mwembamba ulio chini ya ngozi ya shingo ni la kufunguliwa, hata kama mgonjwa anaongea vizuri na hatoki damu. Kanuni hiyo ilikuwa na bei. Katika ripoti nyingi zilizofuata, nusu ya shingo zilizofunguliwa, na mahali pengine zaidi ya nusu, hazikukutwa na jeraha la maana. Walimu wa upasuaji walijua hivyo na hawakuficha. Ndivyo walivyofundisha pia kuhusu kidole tumbo: kabla ya picha za kisasa, mpasuaji ambaye kila kidole tumbo alichokitoa kilikuwa kimeoza alionywa, kwa sababu ilimaanisha alikuwa akingoja mno, na wengine walikuwa wakipasukiwa tumboni wakati yeye akitafuta hakika. Kimoja au viwili vizima kati ya 10 vilihesabiwa kuwa dalili ya mtu anayefanya kazi yake kwa wakati.

Sasa nifike kwenye ushahidi ambao wapinzani wa hoja yangu huutegemea zaidi, na ambao mimi pia nauheshimu. Ulitoka hapahapa Afrika. Katika Hospitali ya Baragwanath, Soweto, ambako majeraha ya visu shingoni yalikuwa kazi ya kila wikiendi, Demetrios Demetriades na wenzake waliwafuatilia majeruhi 335 na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Hawakumfungua kila mtu. Walimpima kila mmoja kwa utaratibu ulioandikwa, wakafungua waliokuwa na dalili, na wanne kati ya watano wakapona bila kisu. Taarifa hiyo na nyingine zilizofanana nayo ziliivunja kanuni ya Dallas, na ilistahili kuvunjwa. Lakini ukiisoma kama inavyosomwa na wengi, kwamba imethibitisha ubatili wa operesheni isiyotengeneza, umeichukua nusu yake tu. Kilichothibitishwa ni kwamba mikono na macho ya daktari mzoefu, yakirudi kwa mgonjwa yuleyule tena na tena usiku kucha, yanaweza kuchagua nani afunguliwe. Wagonjwa wale walilazwa katika hospitali yenye wapasuaji zamu zote, yenye chumba cha upasuaji kinachowashwa taa saa nane za usiku, yenye namna ya kupiga picha ya mishipa pale shaka ilipozidi. Kungoja kwao kulikuwa ni matibabu. Ondoa yale macho yanayorudi kila saa, na kungoja kulekule kunageuka kuwa kumtelekeza mgonjwa. Hilo ndilo linalosahaulika matokeo ya Soweto yanaposafirishwa kama kanuni tupu hadi wodi yenye muuguzi mmoja na vitanda 40.

Fikiria mazingira ambayo majeruhi wengi wa Afrika Mashariki hufikia. Ni hospitali ya wilaya. Bodaboda imegongana na lori, goti la abiria limetenguka, na mguu chini ya goti una ubaridi kidogo kuliko mwenzake. Sitiskani iko hospitali ya rufaa, saa kadhaa kwa gari. Anayeshika kisu anaweza kuwa daktari wa kawaida, na Tanzania kwa miaka mingi mzigo mkubwa wa upasuaji wa wilayani umebebwa na madaktari wasaidizi. Tume ya Lancet ya Upasuaji Duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba kila nchi iwe na wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Nchi zetu ziko chini sana ya kiwango hicho. Mtu huyu wa goti ana nini cha kumsaidia? Ana vidole vya daktari vinavyotafuta mapigo mguuni. Ana mkanda wa kupimia presha na, ikiwa hospitali imejaliwa, kile kijiti cha Dopla kinachosikiliza damu ikipita. Lynch na Johansen wa Seattle walionyesha mwaka 1991 kwamba presha ya kiungo kilichoumia ikigawanywa kwa presha ya kiungo kizima na jibu likawa chini ya 0.9, ateri ni ya kutiliwa shaka kubwa, na jibu likiwa 0.9 au zaidi, uwezekano wa jeraha kubwa ni mdogo. Ni kipimo cha bei ya chini ambacho kingepaswa kufahamika katika kila hospitali ya wilaya. Hata hivyo kina mipaka: shingoni hakiwezekani, ateri ya ndani ya paja inaweza kukatika bila kipimo hicho kujua, na mgonjwa aliyepoteza damu nyingi hudanganya mkanda. Baada ya vipimo hivyo vyote hubaki kundi la watu ambao daktari mwaminifu hawezi kusema ndiyo wala hapana.

Kundi hilo ndilo linalozaa operesheni ya mshipa mzima. Tuseme, kwa mfano tu, watu 10 wanafika na miguu inayofanana, mapigo hafifu, goti lililotenguka, picha hakuna, rufaa iko mbali, na kwamba wawili kati yao ateri imechanika. Daktari hajui ni wepi. Akiwafungua wote, wanane watapata kovu na habari njema, wawili watabaki na miguu yao. Asipomfungua yeyote, wanane watakwenda nyumbani bila kovu na wawili watakatwa. Hakuna njia ya tatu ambayo ingewapata wale wawili na kuwaruka wale wanane, maana kama ingekuwepo tusingekuwa na kundi hilo. Kwa hiyo anayesema wale wanane walipasuliwa bure anapaswa kueleza waziwazi ni nini angekuwa amewafanyia wale wawili. Green na Allen walikusanya mwaka 1977 taarifa za watu 245 waliotenguka goti. Karibu theluthi moja walikuwa wameumia ateri, na miongoni mwa waliocheleweshewa damu kwa zaidi ya saa 8, asilimia 86 walikatwa mguu. Waliowahiwa ndani ya muda huo walikatwa kwa asilimia 11 tu.

Nimezungumza hadi hapa kana kwamba operesheni hii hutoa habari tu. Mara nyingi hutoa zaidi, na hapa neno “bila kutengeneza” linapotosha kwa namna nyingine. Mtoto ameanguka kutoka mwembeni, mfupa wa mkono umevunjika juu kidogo ya kiwiko, na kiganja hakina mapigo. Kwanza mfupa hurudishwa mahali pake na kushikizwa kwa pini. Mara nyingi mapigo hurudi papo hapo. Kiganja kikiwa chekundu na chenye joto ingawa mapigo hayasikiki, madaktari wengi hukubaliana kumtazama mtoto kwa karibu, na wengine hutaka kufungua. Ubishi huo haujaisha. Lakini kiganja kikibaki cheupe na baridi, hakuna wa kubishana naye. Mpasuaji anafungua na kukuta ateri imekunjwa juu ya ncha ya mfupa, au imenaswa katika utando wa misuli kama kamba iliyobanwa na mlango. Anainasua. Anaimwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu, anangoja dakika kadhaa, na damu inapita. Hakushona chochote. Kwenye daftari ateri imechunguzwa na haikutengenezwa, ilhali mtoto ameponea ule ulemavu ambao Richard von Volkmann aliueleza mwaka 1881, mkono uliokauka na vidole vilivyopinda kama kucha za mwewe, unaotokana na misuli kukosa damu. Vivyo hivyo kwa kijana mkimbiaji ambaye msuli wa kigimbi umepita vibaya na kuibana ateri ya nyuma ya goti: akiwahiwa, kuukata msuli ule kunatosha, na mshipa wenyewe hauguswi na uzi. Kuita kazi ya namna hii operesheni iliyoambulia patupu ni kukosa kuangalia mkono wa mtoto.

Watasema kisu kina madhara yake. Kweli kabisa, na sitaki mtu adhani naichukulia ngozi ya binadamu kama karatasi. Nusukaputi ina hatari. Jeraha huweza kuoza. Shingoni, neva ya ulimi na neva ya sauti ziko jirani na ateri, na mkono usio makini unaweza kumwacha mtu akikwama kwa maneno aliyoyatamka kwa urahisi jana yake. Kwa hiyo operesheni isiyo na sababu ni dhuluma kwa mgonjwa. Ila hatari hizo haziko sawa katika mizani na ile ya upande wa pili, na tena hupunguzika kwa nidhamu. Utafiti wa mwaka 2009 wa orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ulifanyika katika miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara, na baada ya wahudumu kuanza kusimama na kuulizana maswali machache kabla ya kukata, vifo na matatizo baada ya upasuaji vilipungua kwa kiasi kinachoonekana. Njia ya kupunguza madhara ya operesheni zilizokuta mshipa mzima, basi, ni kuzifanya vizuri. Kuzitia aibu hakumkingi mgonjwa na neva iliyokatwa. Kunamfanya tu daktari achelewe.

Pingamizi zito zaidi ni la mashine. Kwa nini umfungue mtu wakati sitiskani yenye dawa ya kung'arisha mishipa inaweza kuonyesha ateri nzima bila tone la damu? Jibu langu la kwanza ni kukubali: mgonjwa akiwa ametulia, mashine iko jengo la pili, mtaalamu wa kuisoma picha yupo, basi picha itangulie. Sina ugomvi na mashine. Lakini mgonjwa anayetoka damu kwa mapigo, aliye na uvimbe wa damu unaokua machoni petu, au ambaye mguu wake hauna mapigo kabisa, hahitaji picha. Dalili zake zimeshasema, na dakika za kumsukuma kwenye korido ni dakika za kumpoteza. Vipande vya risasi na gololi za bunduki hutawanya mng'aro kwenye picha na kuificha sehemu ileile inayotafutwa. Na mashine iliyoharibika, au iliyo mji mwingine, si kipimo. Jibu langu la pili ni muhimu zaidi kwangu. Katika hospitali zenye mashine, picha nyingi sana za mishipa hurudi zikiwa safi, na hakuna anayeziita za bure. Mgonjwa hupongezwa, daktari humshukuru Mungu, karatasi huwekwa kwenye faili. Jibu lilelile, “ateri ni nzima”, likiletwa na picha linaitwa habari njema, na likiletwa na kisu linaitwa kosa. Naelewa kwamba kisu kina gharama kubwa zaidi, na juu ya gharama hiyo tuna haki ya kubishana mchana kutwa. Thamani ya jibu lakini ni ileile. Mtu anayetaka operesheni hizi zipungue wilayani aende kudai mkanda wa presha, kijiti cha Dopla, mashine na mtaalamu wake. Kumlaumu mpasuaji aliyekosa vyote hivyo ni kumtwisha yeye umaskini wa mfumo mzima.

Wapo watakaohofu kwamba maneno yangu yanawapa leseni wapasuaji wenye pupa. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana kisu kina mvuto wake, na mahali ambapo operesheni hulipwa kuliko ushauri mvuto huo huongezeka. Lakini tazama kipimo kinachopendekezwa na imani iliyozoeleka: operesheni ni halali ikiwa imekuta kitu. Kipimo hicho hakimzuii mwenye pupa hata kidogo. Anaweza kumfungua mtu bila sababu, akabahatisha jeraha dogo ambalo lingepona lenyewe, akasifiwa. Ilhali mwenzake aliyefungua kwa dalili zote halali akakuta mshipa mzima, akaulizwa maswali. Tena kina sumu nyingine. Ukimlipa mpasuaji kwa kutengeneza tu, au ukimheshimu kwa kutengeneza tu, umemwekea kishawishi mkononi pale pale ateri ilipo wazi mbele yake: aongeze uzi mmoja, aikate sehemu iliyochubuka kidogo na kuiunga, ili faili lisomeke vizuri. Ateri nzima ikishonwa hupungua upana, huganda damu, huziba. Ndiyo maana ule mstari wa 35701 na ndugu zake wawili una hekima: unamruhusu daktari kuacha. Kipimo cha haki kiko mahali pengine, kwenye maandishi ya kabla ya kukata. Aliandika dalili gani? Alipima mapigo mara ngapi, presha ilikuwa ngapi, alimpigia nani simu, rufaa ingechukua saa ngapi? Daktari ahukumiwe kwa alichokijua saa ile. Waliokwisha kuiona ateri wana hakika ambayo yeye hakuwa nayo.

Haki hiyo inakuja na wajibu, na hapa nawageukia wapasuaji wenyewe. Ateri iliyotazamwa kwa nje na kuonekana nzima inaweza kuwa imechanika kwa ndani. Mshtuko wa goti kutenguka huvuta mshipa mpaka utando wake wa ndani ukapasuka huku wa nje ukibaki umeshikamana. Mpasuaji anaona rangi ya samawati kidogo, anasema ni msuli wa mshipa uliojikaza, anafunga, na kesho yake mguu ni mweusi. Walimu wazuri wamekataza neno “kujikaza” lisitamkwe mpaka jeraha la ndani limeondolewa shaka, na katazo hilo lingefaa kuandikwa ukutani. Kuchunguza maana yake ni kuipata ateri juu ya jeraha na chini yake, kuitazama mzunguko wote, kuhisi mapigo upande wa mbali, kuyasikiliza kwa Dopla, na shaka ikibaki, kupitisha dawa ya picha palepale mezani au kuufungua mshipa wenyewe na kutazama ndani. Aliyekata ngozi, akapekua kidogo na kufunga hakufanya kazi ninayoitetea. Vilevile kuna siku ambapo kutotengeneza ndiko kunakodai ujasiri zaidi. Majeruhi amefika siku ya pili, ateri imekatika na ingeweza kuungwa, lakini misuli iliyofunguliwa haina rangi, haitoki damu, haishtuki ikiguswa. Kuirudishia damu misuli iliyokufa ni kumwaga moyoni na kwenye figo sumu yote iliyojikusanya humo, na mtu anaweza kufia mezani kwa ajili ya mguu ambao haukuwepo tena. Hapo mpasuaji anaiona ateri, anajua namna ya kuishona, na anaiacha, kisha anakwenda kuzungumza na familia juu ya kukata. Hiyo nayo itaandikwa kuwa ateri iliyochunguzwa bila kutengenezwa, na sijui operesheni ngumu kuliko hiyo.

Limebaki suala la maneno, na silioni kuwa dogo. Katika mafaili yetu na midomoni mwetu operesheni hii humalizwa kwa sentensi moja: hakukuonekana kitu. Sentensi hiyo ndiyo inayozaa swali la ndugu mlangoni, kwa maana kama hakukuonekana kitu, basi kwa nini kukata? Na si ya kweli. Kulionekana ateri. Ilionekana kwa urefu fulani, kuanzia mahali fulani hadi mahali fulani, rangi yake ilikuwa ya kawaida, mapigo yalifika upande wa pili, vena na neva za jirani zilikaguliwa, uvimbe ulitokana na damu ya msuli, kiungo kilikuwa na joto saa fulani na dakika fulani. Daktari wa zamu ya usiku akikuta mguu uleule umeanza kupoa saa kumi za alfajiri, maandishi hayo ndiyo yatakayomwambia kama arudi kwenye ateri ileile au atafute misuli iliyovimba ndani ya ala zake na kuhitaji kupasuliwa. Akikuta “hakukuonekana kitu”, itambidi aanze upya, na saa inakwenda. Ndugu waliokaa kwenye benchi nje nao waambiwe vivyo hivyo, kwa maneno yao: tulihofia mshipa mkubwa wa mguu umekatika, hatukuwa na njia nyingine ya kujua kwa muda uliokuwepo, tumeuona wote, ni mzima, na usiku huu tutamshika mguu kila saa.